Komwe, Kimeo na Meno ya Plastiki: Asili ya Majina ya Mtaani ya Viungo vya Mwili

Mwanafunzi mwenye paji la uso lililojitokeza mbele hakawii kupewa jina na wenzake. Huitwa "komwe", na aghalabu jina hilo humfuata mpaka amalizapo shule. Walimu wengi hulikemea, nao wana haki ya kukemea dhihaka. Neno lenyewe, hata hivyo, lina nasaba njema. Komwe ni mbegu ya mkomwe, mmea wa miiba uotao karibu na bahari katika mwambao wetu. Mbegu hiyo ni ya mviringo, ngumu kama jiwe, ya rangi ya kijivu yenye kung'aa. Ganda lake halipitishi maji kwa urahisi, hata huweza kuelea baharini kwa muda mrefu na hatimaye kuota katika ufuo wa mbali. Wachezaji wa bao huijua zaidi kuliko watu wengine wote, kwa kuwa ndiyo kete yao: bao la Kiswahili, lenye mashimo 32, huchezwa kwa kete 64. Kijana wa kwanza aliyelitazama paji la uso la mwenzake akaikumbuka kete ya bao alikuwa na jicho kali la kulinganisha maumbo, na kulinganisha maumbo ni mwanzo wa elimu ya viumbe.

Mwalimu aliyekwisha kumkemea kijana huyo kwa kutumia "lugha ya kihuni" hugeuka ubaoni, akachora fuvu la kichwa na kuandika jina lake chini ya mchoro. Neno hilo nalo limetoka mlango uleule. Fuvu, au fuu, ni ganda tupu la kitu ambacho kiini chake kimeondolewa, na kila mpishi wa mwambao anakijua kidugu chake, yaani kifuu cha nazi. Zamani mtu fulani alifananisha mfupa wa kichwa kilichokauka na nazi iliyokunwa ikaisha. Leo hakuna acheki anapolisikia neno hilo, na kamusi zimelipokea bila ya kinyongo.

Wala si Waswahili peke yao waliofanya hivyo. Warumi wa kale walikuwa na neno rasmi la kichwa, nalo ni caput. Katika mazungumzo ya kawaida watu walianza kukiita testa, yaani chungu au kigae. Karne zilipita, utani ukashinda, na Wafaransa leo husema tête na Wataliano testa bila ya kufikiri hata kidogo juu ya vyungu. Wajerumani nao walikuwa na neno Haupt, wakalisukuma kando na kushika Kopf, ambalo asili yake ni kikombe. Neno la zamani limebaki katika maneno ya heshima, na la kikombe ndilo linalotumika nyumbani, shuleni na hospitalini.

Basi majina ya mtaani ya viungo vya mwili hutungwa kwa njia zilezile zilizotunga majina ya heshima. Jina la kiungo hubeba maelezo ndani yake: kiungo kinafanana na nini, kinafanya kazi gani, kinaonewa haya au la. Mengi ya maelezo hayo hayamdhuru mtu. Lakini yapo majina machache ambayo maelezo yake si ya kweli, nayo yamewafikisha watoto wachanga kwenye wembe. Kabla ya kufika huko, tutazame kwanza namna majina yanavyozaliwa.

Maneno ya heshima yaliyoanza kama vijina

Chukua neno sikio. Katika lugha nyingi za Kibantu kiungo hiki huitwa kwa mzizi wa kale sana: Waganda husema okutu, Wakikuyu gũtũ, Wanyarwanda ugutwi. Kiswahili kiliuacha mzizi huo, kikaunda jina jipya kutokana na kitenzi sikia. Sikio ni "kile cha kusikilia", basi. Siku lilipotungwa huenda wazee walilicheka, kama sisi tunavyomcheka kijana anayeita miguu "vitembeleo". Leo halina mpinzani.

Hali kadhalika kidole. Jina la zamani ni chanda, nalo limebaki katika methali isemayo kuwa chanda chema huvikwa pete, na katika msemo wa watu wawili wasioachana, kwamba ni kama chanda na pete. Nje ya methali na mashairi, chanda amekwisha kustaafu. Vidole vyenyewe vimegawana majina kwa sababu mbalimbali kabisa. Kidole cha pete kimeitwa kwa pambo lake. Kidole cha shahada kimeitwa kwa ibada, kwa kuwa Mwislamu hukiinua anapotoa shahada. Kidole gumba kimepewa neno lile lile tunalolisikia katika mgumba, mtu asiye na mtoto, kwa kuwa kimesimama peke yake mbali na wenziwe wanne. Mwanafunzi wa biolojia ataona kuwa waliolichagua jina hilo walikuwa wameangalia vizuri: upweke wa kidole gumba ndio unaokiwezesha kuvikabili vidole vingine, na bila ya huko kukabiliana tusingeshika kalamu wala jembe.

Mboni ya jicho inastahili mwalimu wa lugha na mwalimu wa sayansi wakae pamoja. Neno hili ni ndugu wa kitenzi ona. Zamani kitenzi hicho kilikuwa na sauti ya b mwanzoni, kama kilivyo mpaka sasa katika baadhi ya lugha za Kibantu zisemazo bona. Kiswahili kiliidondosha b hiyo, lakini katika jina mboni ilikuwa imekingwa na m iliyotangulia, ikasalia kama mfupa wa mnyama wa kale uliohifadhiwa ndani ya mwamba. Warumi walikiita kitundu hicho pupilla, yaani mwanasesere mdogo, kwa sababu ukimtazama mtu karibu sana unaona sura yako ndogo ndani ya jicho lake. Waarabu husema "mtu wa jicho". Wao walishika kinachoonekana, Wabantu wakashika kazi. Kwa maoni ya mwandishi, hapa Wabantu walikuwa karibu zaidi na sayansi.

Ngeli za Kiswahili nazo ni karakana ya majina ya mtaani, tena karakana isiyo na gharama. Hubadilishi neno, hubadilisha kiambishi tu. Mdomo wa kawaida ukikuzwa huwa domo, na mwenye domo ni msemaji kupita kiasi. Ukidogoshwa na kurudiwa huwa kidomodomo, na hapo tunamsema mtu mwenye umbea. Vijana wa siku hizi wameongeza "domo zege", kwa kijana anayeshindwa kufungua kinywa mbele ya msichana anayempenda, kana kwamba kinywa kimemiminiwa zege likaganda. Mguu hutoa guu na pia kiguu, kama katika msemo kiguu na njia. Jicho likipewa ki- huacha kabisa kuwa kiungo, likawa kijicho, yaani husuda. Kichwa chenyewe kimo katika ngeli ya ki-, ingawa ndugu zake katika lugha nyingine wanaishi kwingine: Wanyarwanda husema umutwe na Waganda omutwe. Mombasa husema kitwa na Unguja kichwa.

Ubongo nao umefanya safari ndefu kuliko viungo vyote. Kwanza ulivuliwa u- ukawa bongo. Kuchemsha bongo kukawa ni kufikiri sana, na "chemsha bongo" likaingia katika magazeti na shuleni kuwa jina la mafumbo na maswali, ambamo hakuna mwalimu aliyelikataa. Kisha mji wa Dar es Salaam ukaitwa Bongo, kwa hoja kwamba mtu asiyetumia akili hawezi kuishi humo. Tangu miaka ya 1990 muziki wa vijana wa huko umejulikana kwa jina la bongo fleva, na leo Bongo ni Tanzania nzima. Kiungo chenye uzito wa kilo moja na nusu hivi kimepewa nchi.

Majina mengine yametoka sokoni na shambani. Misuli ya nyuma ya mguu, ambayo vitabu huiita shavu la mguu, mtaani huitwa vigimbi, nao wakulima wanayajua magimbi yanavyovimba katikati na kupungua nchani. Nywele zilizojiviringisha katika vijidonge huitwa za kipilipili. Kitambi zamani kilikuwa pia ni kipande cha nguo cha kujifunga. Leo ni lile tumbo linalotangulia mwenyewe mlangoni. Warumi nao, walipoutazama msuli wa mkono ukipanda na kushuka chini ya ngozi, waliona panya mdogo anayekimbia, wakauita musculus, maana yake panya mdogo. Jina hilo la mzaha sasa limo katika vitabu vya tiba vya dunia nzima.

Maneno ya staha na uchovu wake

Kuna viungo ambavyo watu hawachoki kuvibadilishia majina, na sababu si umbo wala kazi, bali haya. Tako ni neno la kale la Kibantu lenye maana ya upande wa chini unaobeba kitu. Halikuwa tusi, na mpaka leo halina ubaya wowote tunaposema kaa kitako, au kitako cha bunduki. Lakini likitajwa kwa mwili wa mtu, hasa kwa wingi, msikilizaji hushtuka. Ndipo likatungwa makalio, kutokana na kukalia: neno la staha, lisiloonyesha chochote ila kazi. Hilo nalo limekwisha kuchakaa kiasi kwamba wapo wasiopenda kulitamka mbele ya wakwe, nao husema "sehemu za kukalia". Haya haimo katika neno. Imo katika kitu, na kila vazi jipya tulivikalo kitu hicho hupata harufu yake baada ya muda.

Viungo vya uzazi vimepitia njia hiyo mara nyingi zaidi. Maneno sanifu ni uke na uume, yaliyojengwa kwa mizizi -ke na -ume, na kwa hiyo ni mapana mno: uume ni kiungo, tena ni hali ya kuwa mwanamume. Katika mazungumzo watu husema sehemu za siri, au sehemu nyeti, maneno ambayo hayasemi ni sehemu ipi. Nyumbani, mzazi humfundisha mtoto wa kiume kusema "kidudu".

Hapa pana jambo la kuangaliwa kwa makini. Mtoto akimwambia mwalimu wake, "Kidudu kinaniuma," Kiswahili kinampa mwalimu maana mbili zilizo sahihi kabisa. Kwanza, mdudu mdogo anamwuma. Pili, kiungo chake cha uzazi kina maumivu. Kitenzi uma hutumika kwa yote mawili. Mwalimu akichukua maana ya kwanza atakung'uta shati la mtoto na kumrudisha darasani. Na huenda mtoto huyo ana maradhi ya njia ya mkojo, au amefanyiwa uovu na mtu mzima na hana neno jingine la kulielezea. Mwanafunzi wa sekondari naye hujifunza biolojia kwa Kiingereza, akajua jina la kila sehemu kwa lugha ya mtihani, na bado akakosa neno la Kiswahili analoweza kulitamka mbele ya mama yake au daktari. Ana majina mawili: moja la kitabuni asiloweza kulipeleka nyumbani, na jingine la mtaani asiloweza kulipeleka hospitalini.

Jina linapobeba nadharia

Fungua kinywa mbele ya kioo. Nyuma kabisa, katikati ya kaakaa laini, utaona kinyama kidogo kinachoning'inia. Kiswahili kimekipa majina kadha. Kilimi ni jina la umbo, yaani ulimi mdogo. Kidakatonge ni jina la kazi, na ni zuri kama kitendawili: kinachodaka tonge. Kwa bahati mbaya kazi hiyo sicho kinachoifanya. Tunapomeza, kaakaa laini pamoja na kinyama hicho huinuka na kuziba njia iendayo puani, ili chakula kisipande juu; tonge lenyewe huteremka kwenye umio bila ya kudakwa na kitu. Nadharia iliyomo katika jina hilo ina kasoro, lakini haijamdhuru mtu.

Jina la tatu ni kimeo. Hili lina mzizi wa kitenzi mea, kile kile kilichotupa mmea. Kimeo ni kitu kilichomea, kilichoota. Na kitu kilichoota mahali ambapo hakikutakiwa hung'olewa, kama magugu. Hivyo ndivyo inavyofikiriwa katika jamii nyingi, siyo Tanzania na Kenya tu, bali hata Ethiopia, Nigeria na Niger: mtoto akikohoa muda mrefu, au akitapika, au akikataa kunyonya, husemekana kimeo chake kimerefuka na kwamba dawa ni kukikata. Mkataji hutumia wembe au kisu kilichopindwa, ambacho huenda kimetumika kwa watoto wengine kabla ya huyo.

Kila mtu amezaliwa na kinyama hicho; hakikuota baadaye. Kina misuli, na kina tezi za kutoa ute unaolainisha koo. Kwa mtoto mwenye kikohozi huweza kuvimba na kuwa chekundu pamoja na koo lote, lakini uvimbe huo ni matokeo ya ugonjwa na si chanzo chake. Chanzo chaweza kuwa nimonia, kifaduro au kifua kikuu, na ugonjwa huo unaendelea ndani huku wazazi wakisubiri kidonda kipone. Kukata huleta kutokwa na damu nyingi, kuoza kwa kidonda, pepopunda, na uambukizo wa maradhi yanayopita katika damu. Watoto wamekufa kwa hayo. Mtaani hivi leo, kimeo ni jina la kitu chochote kibovu kinachomsumbua mwenyewe, kama simu isiyokaa na chaji au gari linalolala njiani kila wiki. Maana hii mpya inaonyesha vizuri jinsi sifa mbaya ya kinyama hicho kisicho na hatia ilivyoenea.

Kisa cha pili ni cha karibu zaidi, na neno lake limezaliwa katika zama za viwanda. Jino la pembeni lenye ncha, ambalo kwa wanyama walao nyama hurarua, huitwa chonge. Asili yake ni kitenzi chonga, kwa kuwa jino hilo linaonekana kama limechongwa. Mtoto huwa na meno ya utoto 20: ya mbele 8, machonge 4, na magego 8. Machonge huchelewa kutoka. Aghalabu huonekana kati ya mwezi wa 16 na wa 22 baada ya kuzaliwa. Lakini muda mrefu kabla ya hapo vichipukizi vyake vimo ndani ya ufizi, na mtoto anapokuwa na miezi 4 hadi 8 huweza kuufanya ufizi uvimbe kidogo na kuonekana mweupe.

Katika miaka ya 1980 yalienea nchini Tanzania majina mapya ya vivimbe hivyo: "meno ya nailoni" na "meno ya plastiki". Ilidaiwa kuwa ni meno ya bandia, si meno ya kweli, tena yana sumu, na kwamba ndiyo yanayomletea mtoto homa, kuharisha na kutapika. Nchini Uganda imani hiyo hiyo inajulikana kwa jina la ebinyo. Tiba yake ni kuupasua ufizi kwa kisu, wembe au njiti ya baiskeli, na kukichokoa kichipukizi, au kuusugua ufizi kwa dawa za miti shamba.

Msomaji asidhani kwamba waliolitunga jina hilo hawakuangalia kitu. Waliangalia. Kichipukizi cha chonge kikichokolewa kutoka katika ufizi wa mtoto wa miezi sita hutoka kikiwa cheupe, chepesi na laini, kisichofanana hata kidogo na jino. Madini huingia katika jino polepole, na kichwa cha chonge la utoto hakikamiliki mpaka yapata mwezi wa 9 baada ya kuzaliwa. Kilichotolewa ni jino la kweli ambalo halijaiva, kama vile hindi changa lisivyo ngumu lakini bado ni hindi. Mganga humwonyesha mama kitu hicho laini katika kiganja chake, mama huona kwa macho yake mwenyewe kwamba si jino, na jina la plastiki hupata shahidi. Hakuna hoja ngumu kuing'oa kama ile iliyoshuhudiwa kwa macho.

Hata saa ya ugonjwa inalisaidia jina hili. Miezi ya 4 hadi 8 ndiyo miezi ambayo kinga aliyoipata mtoto kutoka kwa mama tumboni inapungua. Ndiyo miezi ambayo huanza kupewa uji na maji, anakaa chini, anatambaa, na kila akiokotacho hukipeleka kinywani. Vijidudu huingia kwa njia hiyo, na kuharisha huanza. Mambo mawili hutokea pamoja: ufizi unavimba na tumbo linaharisha. Anayeyatazama pamoja hudhani moja limezaa jingine. Somo la mbinu za sayansi lina mifano mingi ya kosa hili, lakini sijui mwingine unaoweza kumgusa mwanafunzi wetu kuliko huu, kwa kuwa huenda mdogo wake mwenyewe amechokolewa ufizi.

Madhara yake hayaishi na kidonda. Mtoto anayeharisha anapoteza maji na chumvi, na hilo ndilo linalomwua. Anahitaji kunyonya, mchanganyiko wa maji ya chumvi na sukari unaotolewa zahanati, na madini ya zinki. Akipasuliwa ufizi hanyonyi kwa sababu ya maumivu, na anapoteza damu juu ya maji. Akipona, huenda akakosa chonge la utoto, na jino la ukubwani lililokuwa likiandaliwa chini yake likaumia, likaota upande au lisiote kabisa. Madaktari wa meno hukutana na vijana wenye mapengo hayo ambao hawakumbuki chochote, kwa kuwa walikuwa wachanga.

Mwalimu aweza kulileta jambo hili darasani kwa njia nyepesi. Achore umbo la mtu juu ya karatasi kubwa, wanafunzi wataje majina yote wanayoyajua ya kila kiungo, ya nyumbani kwao na ya mtaani, na kila jina liulizwe: linasema nini juu ya kiungo hiki, na je, ni kweli? Kwa majina ya sehemu za siri afadhali yaandikwe katika vikaratasi bila ya majina ya waandishi. Kelele zitakuwapo dakika tano za kwanza. Zikipita, kazi huenda vizuri. Majina ya dhihaka yanayomlenga mwanafunzi mmoja yaachwe nje.

Mshipa una maana ngapi?

Si majina mapya tu yenye mtego. Neno mshipa, ambalo hakuna anayelidhania kuwa la kihuni, hutumika kwa njia ya damu itokayo moyoni na kwa njia ya damu irudiyo moyoni. Hutumika kwa kamba ngumu inayofunga msuli na mfupa. Likiongezwa maneno, mshipa wa fahamu, ni waya wa habari uendao ubongoni. Tena ni ugonjwa: mtu husema ana mshipa, naye ana ngiri, au ana busha, ambalo katika mwambao aghalabu husababishwa na minyoo ya matende ienezwayo na mbu.

Wayunani wa kale walikuwa na mkorogano kama huu. Neno lao neuron lilikuwa ni kano na uzi wa upinde, mpaka wapasuaji wa maiti wa Alexandria, yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, walipozitofautisha neva na kano. Neno likabaki kwa neva. Mishipa itokayo moyoni waliiita arteria, neno walilolitumia pia kwa njia ya hewa, kwa kuwa katika maiti waliikuta tupu wakaamini kuwa hubeba hewa. Galen alionyesha katika karne ya 2 kuwa imejaa damu, na Harvey, mwaka 1628, akaeleza jinsi damu inavyozunguka mwilini. Nadharia ya hewa ilikufa. Jina lake bado linafundishwa.

Chango nayo ina mzigo wake. Ni utumbo, ni minyoo, ni maumivu ya tumbo la mtoto mchanga, na ni maumivu ya mwanamke wakati wa hedhi au yanayohusishwa na kutoshika mimba. Tumbo hubeba yote yaliyo kati ya kifua na nyonga. Mji wa mimba, jina la kale na zuri, limeanza kuachiwa mfuko wa uzazi. Mgonjwa akisema, "Nina chango," amesema kweli, lakini amemwachia mwuguzi milango minne.

Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa mwaka 1981 Kamusi ya Kiswahili Sanifu, mwaka 1990 kamusi ya biolojia, fizikia na kemia, na mwaka 2003 Kamusi ya Tiba. Kazi hizo zimetupa majina ya kuandikia vitabu na kutolea mitihani. Kinachohitajika kando yake ni orodha ya pili, ya kuwekwa mezani kwa mwuguzi na kwa mwalimu wa malezi, ambayo haitaamua lipi ni sanifu na lipi si sanifu, bali itaeleza mgonjwa wa wilaya hii akisema hivi huwa anakusudia nini. Katika orodha hiyo "kidudu" lingekuwa na mistari miwili, "chango" minne, "mshipa" mitano au sita. Na mbele ya "meno ya plastiki" pangeandikwa umri wa mtoto, siku alizoharisha, na kama ufizi umekwisha kuguswa.